Steshenari ya Nyegezi inayouliza kwanza unakusanya saa ngapi

Nimeprinti hapa rasimu ya tasnifu yangu mara tatu, kurasa 94 kila safari. Wino umekolea, bei ya kawaida. Kinachonirudisha ni foleni.

Mama mwenye duka hajali nani katangulia. Anauliza, "Unakusanya saa ngapi, mwanangu?" Wa saa nne anapita mbele ya wa jioni, na wa jioni akinuna shauri yake. Mimi nasomea upangaji wa kazi kwenye kompyuta za wakati halisi, yaani zile ambazo kila kazi lazima iishe kabla ya ukomo wake, nikabaki nacheka peke yangu. Ndiyo kanuni waliyoichambua watafiti Liu na Layland mwaka 1973: kwa prosesa moja na kazi zinazojirudia, ukimtanguliza mwenye ukomo wa karibu unaweza kuitumia prosesa asilimia 100 bila kazi yoyote kuchelewa. Ukitumia vipaumbele vya kudumu, yaani kila kazi ina cheo chake kisichobadilika, kazi zikiwa nyingi uhakika huo unaishia kama asilimia 69.

Ila wiki ya kukusanya kazi duka huzidiwa, na kanuni hii ikizidiwa huchelewesha karibu kila mtu. Halafu mashine ya spairo, ya kubana kurasa ziwe kitabu, ni moja tu! Juzi kitabu cha kijana asiye na haraka kiliachwa nusu juu yake, mhudumu akaenda kutoa kopi za wengine. Mimi wa saa sita nikangoja dakika 40. Ugonjwa wa namna hiyo, asiye na haraka kushikilia kifaa anachokingoja mwenye haraka, ndio uliofanya kompyuta ya Pathfinder, chombo cha anga cha NASA, ijizime na kujiwasha huko Mirihi mwaka 1997.

Nyota nne. Wakinunua spairo ya pili, tano.