Muay Thai kwa wenyewe: uzoefu wangu wa kufanya mazoezi Phuket na Chiang Mai

Watu wakitafuta jimu ya Muay Thai, yaani ndondi za Kithai za ngumi, mateke, viwiko na magoti, huko Thailand huangalia picha kwanza. Magunia yamepangwa safu, ulingo unang'aa, kuna bwawa la kuogelea na mkahawa wa juisi. Mimi siku hizi mtu akiniuliza ushauri namrudishia swali moja tu: nani atakayekushikia pedi, ile mito mwalimu anayoishika wewe ukiipiga, na kwa raundi ngapi? Pesa yako inaishia hapo. Gunia la kupiga hata Mombasa lipo.

Nilikuwa nimecheza kickboxing miaka kadhaa nyumbani, Mombasa, nikifundishwa na kocha mzuri lakini tuko wengi na pedi ni chache. Mabingwa wa Muay Thai kama Saenchai na Buakaw nilikuwa nawaona kwenye simu. Nikaweka akiba, nikaomba likizo ndefu kazini, nikaenda Novemba. Mwezi huo niliuchagua makusudi. Mvua za huko zinakuwa zinaelekea kuisha, na kaskazini hali ya hewa ni ya baridi kidogo mpaka Januari. Kuanzia Februari hadi Aprili mashamba na misitu ya kaskazini huchomwa moto, na mji wa huko, Chiang Mai, hujaa moshi. Kwenda kukimbia asubuhi katika moshi ule ni kujitafutia maradhi ya kifua.

Nilianzia Phuket, kisiwa cha kusini mwa Thailand, mtaa wa Soi Ta-iad. Ni barabara moja nyembamba katika eneo la Chalong, kusini ya kisiwa, na maisha yake yote ni mazoezi. Jimu huku, jimu kule, katikati maduka ya glavu, vyumba vya kukanda misuli, pikipiki za kukodi, vibanda vya kuku wa kuchoma na mayai. Utakutana na Warusi, Waaustralia, Waingereza, kila mmoja kavaa kaptura ya Muay Thai hata akienda kununua maji. Kwa mgeni anayefika peke yake, hasa mwanamke, pana raha yake. Hupotei, kila kitu kiko karibu, na hakuna anayekushangaa ukitembea na glavu begani.

Jimu niliyoingia sitaitaja. Ni kubwa, ni safi, na mapokezi yao ni ya hoteli. Nililipa kama baht 14,000 kwa mwezi, mara mbili kwa siku isipokuwa Jumapili (baht moja ni kama shilingi nne za Kenya, piga hesabu mwenyewe). Tatizo likawa idadi ya watu. Darasa la wanaoanza lilijaa hadi unampiga mwenzako kiwiko ukiruka kamba, na walimu walikuwa wachache. Zamu yangu ya pedi ilikuwa raundi mbili, leo kwa mwalimu huyu, kesho kwa yule, na hakuna aliyekumbuka jana nilikosea nini. Kisha jioni mwalimu yuleyule anakuuliza kwa upole kama ungependa somo la peke yako, kwa malipo ya ziada. Simlaumu, mshahara wao si mkubwa na kila mtu ana watoto. Lakini ukweli ni kwamba mafunzo yenyewe yalikuwa yamehamishiwa kwenye masomo ya ziada, na ada ya mwezi ilibaki kuwa ya kutokwa jasho. Kama lengo lako ni kupunguza mwili na kuona bahari, utatoka umeridhika. Lengo langu halikuwa hilo.

Jambo moja Phuket ilinishinda kwa wema: chakula. Waislamu wako wengi kule kusini, kwa hiyo vibanda vya halali havitafutwi, na adhana nilikuwa naisikia. Sehemu nyingine za Thailand nguruwe ameingia mpaka kwenye supu, ni lazima uulize. Na madafu. Nasema kwa uchungu mimi mtu wa pwani, lakini dafu lao lina utamu ambao letu halina, tena lina harufu nzuri ya aina yake. Baada ya mazoezi ya saa kumi jioni nilikuwa namaliza mawili.

Nikahamia Chiang Mai kwa ndege ya moja kwa moja, safari ya kama saa mbili. Kambi niliyoelekezwa na dada mmoja tuliyekuwa tukifanya mazoezi pamoja ilikuwa ya familia moja, nje kidogo ya mji. Paa la mabati, hakuna ukuta, ulingo mmoja, feni mbili, mbwa wanne. Mama mwenye nyumba anapika, mumewe anafundisha, na watoto wa jirani wanafika wakitoka shule wakiwa bado na sare. Ada ilikuwa kama baht 9,000 kwa mwezi. Wageni tulikuwa wachache, na walimu walitosha.

Saa moja asubuhi mnakuwa mmesharudi kukimbia. Halafu kamba, halafu kurukaruka juu ya tairi kubwa la lori lililolazwa chini, zoezi ambalo ukilitazama ni mchezo wa watoto na ukilifanya dakika kumi mashavu ya miguu yanawaka. Kisha kupiga hewani mbele ya kioo. Kisha pedi: raundi tano, dakika tatu kila moja, kila siku, kwa mwalimu yuleyule.

Mwalimu wangu alikuwa mtu wa Isaan, kaskazini mashariki, kunakotoka mabondia wengi wa Muay Thai. Aliingia ulingoni akiwa mtoto na amepigana mapambano zaidi ya mia mbili. Kiingereza chake kilikuwa maneno kama thelathini na yalitosha. Siku ya kwanza alinitazama nikipiga teke, akacheka, akanigonga kifundo cha mguu, akatikisa kichwa. Kisha akagonga muundi wake: huu hapa. Nilikuwa nikipiga kwa kifundo cha mguu, kama nilivyozoea, na kuuvuta mguu haraka. Yeye alitaka nyonga izunguke nzima, kisigino cha mguu uliosimama kiinuke, mkono ushuke kwa nguvu upande mmoja, na muundi upite kwenye pedi badala ya kuigusa. Kila nilipopiga nikayumba, alinisukuma kwa mguu tumboni, ile wanayoiita teep, nikaanguka. Hakuwa anaonea. Majaji wao hutazama mizani ya mwili: teke la mbavu au goti likimyumbisha mpinzani lina thamani kubwa, ngumi tupu haina heshima hiyo, na anayeanguka ovyo ameshajiharibia. Ilichukua muda mrefu kabla sijaisikia ile pedi ikilia "pa!" kwa mlio unaotakiwa. Alipousikia alitoa sauti ya "oi!" iliyowaamsha mbwa.

Neno lake jingine lilikuwa "sabai sabai", yaani taratibu, legea. Sisi wageni tunaingia na hasira, tunakaza mabega, tunataka kila pigo liue. Wenyewe wakichezeana ni wepesi mno, wanagusana na kucheka, maana mtu anayepigana kila mwezi hawezi kuumizana na mwenzake mazoezini. Nilipoelewa hilo ndipo nilipoanza kuona mapigo yanavyokuja.

Sasa niseme la kukamatana shingo, kwa sababu dada wengi Waislamu wameniuliza. Nusu ya Muay Thai ni pale mnapokabana, mnagombea shingo na mikono, mnapigana magoti. Huwezi kuiruka. Na mwenzako kwa kawaida ni mwanamume, amelowa jasho, mmebanana kifua kwa kifua. Niliwaambia mapema kwamba sitaki, na nikatafutiwa mwenzangu: binti wa shule ya sekondari, mwembamba, mpole, aliyeshapigana mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alinibwaga. Namshika shingo, anazungusha kiuno, naona paa la mabati. Uzito wangu haukumsumbua hata kidogo. Hijabu ya michezo na nguo za mikono mirefu hazikumshughulisha mtu. Piga simu au andika kabla ya kulipa, uulize waziwazi kama wana wanawake wanaofanya mazoezi kila siku. Jimu nyingi wanao, lakini si zote.

Ulingo wenyewe una miiko. Katika kambi zinazofuata mila, mwanamume huingia kwa kuruka juu ya kamba na mwanamke hupita chini ya kamba ya mwisho, kwa magoti. Kambi yangu ilikuwa hivyo. Sikuipenda, na sitajifanya niliipenda. Niliipita kwa sababu ni nyumba ya watu, na nilikuwa nimekwenda kujifunza kwao. Mambo yanabadilika hata hivyo: uwanja wa Lumpinee wa Bangkok, uliofunguliwa 1956, ulikubali pambano la kwanza la wanawake mwaka 2021. Kuhusu ile ngoma ya kuwaheshimu walimu kabla ya pambano, wai khru, bondia hupiga magoti na kuinama mara tatu. Nilimwambia mwalimu dini yangu hainiruhusu kuinama vile, nikajifunza hatua za kusimama tu. Hakuona ajabu, kwani alishaishi kambi moja na mabondia Waislamu wa Pattani na Yala, mikoa ya kusini kabisa.

Chiang Mai sikukosa chakula pia. Karibu na soko la usiku kuna msikiti wa Ban Ho, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, na mtaa ule una migahawa yao. Wana khao soi, tambi katika mchuzi wa bizari na tui la nazi, juu yake tambi nyingine za kukaanga. Tui zito, bizari ya kwetu kabisa. Nilikuwa naenda kila Ijumaa baada ya swala, na siku nyingine ambazo si Ijumaa.

Kilichonitatiza moyoni ni watoto. Wale wanaokuja na sare za shule wanapigana mapambano ya kweli, kwenye maonyesho ya vijijini, kwa pesa, na watu wazima wanaweka dau. Kambi yangu iliwatunza vizuri, walikula pale na masomo yao yakifuatiliwa. Mwalimu wangu mwenyewe alijenga nyumba ya mama yake kwa mapigano ya utotoni. Bado nilimwona mtoto wa kama miaka kumi akirudi na jicho limevimba, na sikuweza kushangilia na wenzangu.

Kabla ya kurudi nilipita Bangkok kuangalia mapambano Rajadamnern, uwanja uliofunguliwa 1945. Usinunue kiti cha mbele kabisa, bei yake ni ya watalii. Panda juu, kaa karibu na wacheza kamari, maana wao ndio wanaokufundisha kusoma pambano. Raundi ni tano, zina mapumziko ya dakika mbili. Mbili za kwanza mabondia wanapimana tu na mgeni anapiga miayo. Ya tatu inaanza, zumari na ngoma zinaongeza kasi, mikono ya wacheza kamari inaruka hewani, na kila goti linaitikiwa na uwanja mzima. Ya tano mara nyingi anayejua ameshashinda anarudi nyuma na kujilinda, hata wakapeana mikono. Bila ya miezi ile ya pedi nisingeelewa chochote.

Kwa wenye pasi za Kenya: viza huombwa kabla ya safari, kwa njia ya mtandao, na ubalozi wao uko Nairobi. Ya utalii ya siku 60 inatosha kwa safari kama yangu. Tangu 2024 ipo pia viza ya miaka mitano inayokubali mafunzo ya Muay Thai, lakini unatakiwa kuonyesha akiba ya baht 500,000, basi tuwaachie wenyewe. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiweke kwenye begi kubwa. Sisi wa Afrika Mashariki hukaguliwa kadi hiyo kwenye uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kabla ya kufika uhamiaji, na nilimwona mtu akirudishwa nyuma ya foleni kwa sababu yake. Kuna na fomu ya kuwasili ya kidijitali, inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kutua.

Bima soma maandishi madogo. Nyingi hazilipi ukiumia kwenye michezo ya kupigana, wala ukianguka na pikipiki bila leseni ya kimataifa, na pikipiki zinawaumiza wageni wengi kuliko mateke. Chukua sabuni ya kuua vijidudu na uoge mara tu baada ya mazoezi, kwa kuwa mapunye na vipele vya ngozi vinahama kwa mikeka. Glavu usibebe kutoka nyumbani. Twins na Fairtex zinatengenezwa kulekule, bei ni nafuu kuliko tunavyouziwa huku, na mwenye duka atakuchagulia saizi baada ya kukushika mkono tu.

Phuket naipa nyota tatu, mbili kati ya hizo ni za chakula. Chiang Mai nne na nusu. Ile nusu nimeikata kwa sababu ya kamba ya chini.