TAHADHARI: Kijana anayeuza kadi za mwaka za michezo ya maji na nusu bei ya chakula, yuko Kigoma

Ndugu zangu wa Kigoma, hili jambo nimekaa nalo siku tisa, hata mama mkwe sijamwambia. Nilikuwa naona aibu. Leo nasema kwa sababu jana dada mmoja wa Gungu kanionyesha kadi ileile ya bluu, yenye picha ya watoto wanateleza kwenye maji, na tayari kalipia nusu.

Nilikuwa nimewaahidi wanangu safari ya Dar. Hiyo ndiyo aliyoitumia kuniingia.

Alikuja kibandani kwangu sokoni Mwanga, Jumanne saa nne asubuhi, wateja hakuna. Fulana nyeupe yenye nembo, kitambulisho shingoni, shikamoo mbili: moja yangu, moja ya bibi wa mawese tunayepakana. Akasema anaandikisha familia. Kadi ya mwaka mzima, watu watano, mnaingia bure kwenye bustani ya michezo ya maji Dar kila mkitaka, na kwenye migahawa waliyokubaliana nayo mnakula kwa nusu bei, hata hapahapa Kigoma. Bei yake 450,000, ila wiki ile ni 180,000. Akachukua kalamu yangu akanipigia hesabu kwenye boksi la vitenge: kiingilio cha watu watano, chakula, soda, zidisha siku tatu. Nikaona kweli, siku tatu tu hela imerudi.

Nikamwambia sitoi hela kwa kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi. Naomba mnielewe hapo, maana najua wapo watakaosema nilikuwa na tamaa. Mimi vitenge nauza mwaka wa kumi na moja sasa, hela ya bandia naijua kwa kuishika.

Akanijibu, "Mama, usilipe. Nenda kwanza ukale." Akaniachia kadi ya kujaribia, akanitajia mgahawa. Na huo mgahawa ni wa njia ya kushukia stesheni, nakula pale tangu sijaolewa! Nikaenda na mwanangu wa mwisho. Nikaagiza mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, yeye wali maharage na soda. Ikaja 14,000. Nikaitoa kadi taratibu, nikiogopa wataniuliza hii ni nini. Mama mwenye mgahawa akaitazama, akaandika kwenye daftari lake, akasema, "Lete elfu saba." Hakuuliza swali hata moja.

Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu unayemfahamu, mgahawa unaoufahamu, chakula kiko tumboni na chenji iko mkononi. Jioni ileile nikatuma 180,000. Kesho yake wifi yangu akatuma. Bibi wa mawese naye akatuma, kwa ajili ya wajukuu zake, hela aliyokuwa ameiweka ya bati. Wale wawili hawakumwamini yule kijana, waliniamini mimi. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko hela yangu.

Tulisafiri kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200, watoto wamelala wamekaa. Dar tulifikia kwa kaka. Asubuhi ya siku yenyewe binti yangu alivaa nguo ya kuogelea ndani ya gauni tangu alfajiri. Pale getini dada wa tiketi akaigeuza kadi, akaigeuza tena, akamwita msimamizi wake. Yule baba alikuwa muungwana, akanivuta pembeni, akaniambia polepole, "Mama, hii siyo yetu. Hatujawahi kuitoa." Nyuma yangu foleni ya watu inatazama. Binti yangu akaniuliza, "Mama, tumekosea mlango?"

Nilikuwa na nauli ya kurudi na hela ya kula, basi. Tukageuka. Nikawanunulia mihogo ya kukaanga barabarani, tukala tumesimama.

Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwa mama wa mgahawa. Kumbe na yeye kachezewa. Yule kijana alimwachia 30,000 mapema, akamwambia wageni wa ofisi yake watakuja na kadi ya bluu, awatoze nusu, nusu nyingine akate kwenye hiyo hela. Kwa hiyo ile elfu saba niliyofurahia ilitoka mfukoni mwa yule kijana. Ilikuwa chambo. Yule mama alilia mbele yangu, mimi simlaumu.

Shemeji yangu aliyeko Florida nikampigia, maana wanawe huwapeleka Walt Disney World. Akaniambia kule kadi ya mwaka ni ya mtu mmoja kwa jina lake, huwezi kumuuzia wala kumwazima mwingine, na getini wanakagua alama ya kidole. Inanunuliwa kwa wenyewe, si kwa mtu wa kupita. Asiye mkazi wa Florida analipa zaidi ya dola 1,000 kwa kichwa. Punguzo la chakula lipo, lakini halifiki nusu, tena ni baadhi ya migahawa tu. Na yeye kabla ya kulipa hugawa bei ya kadi kwa kiingilio cha siku moja, aone ni siku ngapi lazima aende ndipo ipate faida. Zisipofika, anakata tiketi ya siku. Mimi nakaa Kigoma, Dar naenda mara moja kwa miaka miwili. Hesabu ile ya kwenye boksi ningeifanya mwenyewe ningeona.

Mengine ya kuangalia: kadi haina jina lako wala picha. Hela inakwenda namba ya mtu binafsi, mimi lilitokea jina la mwanamke nikaambiwa ni mhasibu. Risiti ya kuandika kwa mkono, siyo ya mashine ya EFD. Na namba ya "ofisi" nyuma ya kadi usiipigie kuulizia, mimi niliipiga, ni mwenzake anayepokea.

Huyu mtu akamatwe! Asiachiwe kwa kurudisha laki moja na kuomba msamaha mbele ya mtendaji, hapana, afikishwe mahakamani, akae ndani, na huyo "mhasibu" wake pia. Aliyechukua hela ya bati ya mwanamke mzee hastahili kuzungumziwa na wazee wa mtaa. RB ya polisi ninayo, taarifa nimeshaandikisha. Namba zake nimeshazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na wewe ukipata ujumbe wake zitume hukohuko, kisha uje kibandani tuongozane polisi. Tukiwa wengi watatusikiliza.

Dada wa Gungu, hiyo nusu iliyobaki usitume.

Bibi wa mawese nimeanza kumlipa mwenyewe, elfu kumi kila Jumamosi. Amekataa mara mbili, nikamwekea chini ya dumu.