TAHADHARI: Muuza "seti za kufungulia kufuli" anayezunguka Sabasaba na Majengo, Dodoma

Wakuu, yule jamaa wa begi jeusi ni tapeli. Sisemi fundi mbovu, nasema tapeli. Seti ya vipande saba kwa 35,000, na pochi yake ya ngozi bandia, imeshafika kwa watu wanne wa kundi letu na hakuna aliyefungua kufuli hata moja kwa kutumia vifaa hivyo. Ndiyo, na mimi nimo. Chekeni mmalize, kisha someni.

Anavyofanya ni hivi. Anatoa kufuli la shaba la milimita 40, ufunguo wake una mikato mitano. Anakupa ulishike, ulifunge mwenyewe. Klik. Anachomeka tensheni (kile kichuma kilichokunjwa cha kuzungushia) chini ya tundu, anaiegemeza kidole kimoja kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango, anapitisha ndoano, ile ya kupandishia pini, ndani mara moja tu. Limefunguka, sekunde nne. Anakukabidhi wewe ujaribu. Mara ya pili na wewe unafungua, na hapo akili imeshaaga. Mkono unatafuta simu ulipe kabla hajabadili bei.

Msituone mabwege, jamaa anajua maneno. Anakutajia pini za chini, pini za juu, springi, na ule mstari ambapo silinda, ile sehemu inayozunguka na ufunguo, inakutana na mwili wa kufuli. Anakueleza kwamba ukiikaza silinda kidogo pini hazibani zote kwa pamoja, inabana moja, ukiipandisha inabana nyingine, kwa sababu hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yakanyooka kabisa. Yote hayo ni kweli! Halafu anatoa ndoano ya kuonyeshea, anaikunja mbele yako kama nyuzi thelathini, anaiachia, inarudi imenyooka. Chuma cha msumeno, anasema, ona hii bluu, kimepita motoni.

Hiyo bluu ndiyo inayoniuma kuliko pesa. Kila aliyewahi kusaga blade ya msumeno wa chuma kwenye mashine anajua kwamba ikigeuka bluu umeshaiua: imefika karibu nyuzi 300 za joto, ugumu wake umeshuka. Manjano hafifu unavumilia, bluu unakata hicho kipande unaanza upya. Na bado tulisimama pale tukitikisa vichwa.

Sasa undani wake. Mmoja wetu alimbana amuuzie na lile kufuli la onyesho. Tumelikata katikati. Vyumba vya pini ni vitano, pini imo kwenye kimoja tu, vinne vitupu, hata springi hamna. Kufuli la namna hiyo utalifungua hata kwa kibanio cha nywele. Ubavuni vile vifuniko vidogo vya shaba vinavyoziba vyumba vya pini vimesuguliwa upya kwa tupa, alama zinaonekana waziwazi, lakini nani anaangalia ubavu wa kufuli?

Na zile ndoano za kwenye pochi si ile aliyoikunja. Ni shiti laini ya kutengenezea mageti, karibu milimita 0.9, imepitishwa motoni ipate rangi. Unene huo kwenye tundu jembamba unagusa kuta zote mbili, ukipandisha pini ya tatu unasukuma na ya pili. Ukiongeza nguvu shingo inapinda na kubaki imepinda. Tensheni ni mbaya zaidi: inajisokota kabla silinda haijasogea, kwa hiyo ule mtikisiko mdogo wa pini ikikaa mahali pake hauusikii kabisa kidoleni.

Pesa hiyo hiyo ingenunua blade mpya za msumeno lundo zima. Blade ya inchi 12 ina unene wa kama milimita 0.65. Unasaga meno yote kwanza, unachora umbo kwa kalamu ya wino mzito, unasaga sekunde mbili tatu halafu unachovya kwenye maji, unarudia hivyo mpaka mwisho. Kisipokaa mkononi wazi kina joto mno. Shingo iache milimita 3, ukiipunguza zaidi ya hapo itakatika ndani ya tundu. Kisha msasa 240, 400, 600, ukisugua kwa urefu, maana mikwaruzo ya kukata upana ndiyo inayokwama kwenye pini. Tensheni okota gereji yoyote: ule ukanda wa chuma ndani ya mpira wa wipa. Kunja milimita 10 kwenye jiliwa, taratibu, juu ya ukingo wa mviringo, ukikunja kwa kona kali unapasuka. Na jizoezeni kwenye kufuli lisilofunga kitu, si la mlango wa mama mwenye nyumba.

Dalili? Hakubali kufuli lako. Ukimpa jipya kutoka dukani anadai linahitaji seti kubwa, ya 60,000. Ufunguo wa kufuli lake unaingia ukiteleza kama kisu kwenye siagi. Hakuruhusu kukunja ile unayoinunua, na haigusishi tupa: chuma kigumu tupa inateleza, hiki chake inakula. Sumaku msihangaike nayo, vyote vinanasa. Risiti hana.

Huyu anastahili kufungiwa chumbani kwa kufuli zima lenye pini tano, apewe seti yake mwenyewe ajitoe. Akishindwa, alale humo humo mpaka Bunge liahirishwe! Namba aliyotulipisha haipatikani tangu Jumapili.

Akionekana Jamatini au kwingineko, msimpige. Semeni tuje tumpeleke kituoni. Nusu mbili za kufuli zipo, seti nne zipo, na miamala yote minne imehifadhiwa.