Stika za zamani za gari ya rally: kuokoa ama kuprint upya?

Niko na modeli ya Datsun 240Z, size ya 1/24, ile gari Shekhar Mehta alishinda nayo Safari Rally 1973, na stika zake, zile unaloweka kwa maji ndio zitoke kwa karatasi, zimekauka mpaka ukiweka moja kwa maji inapasuka kama chapati ya jana.

Njia ya kwanza ni kuokoa hizo hizo. Unapuliza vanishi isiyo na rangi juu ya karatasi yote, koti nyembamba mbili, unaacha ikauke kabisa, halafu kila stika unaikata pembeni kabisa na wembe, kwa sababu vanishi imeziunganisha zote kuwa ngozi moja, usiposikia hapo utalia. Jaribu kwanza na ile hutatumia. Kama zimegeuka njano, zibandike kwa dirisha siku kadhaa, na jua la Kisumu si unalijua, halina bili.

Ya pili ni kuskani na kuprint kwa karatasi ya stika. Inaonekana rahisi, lakini printa ya kawaida haina wino mweupe, so namba nyeupe kwa boneti nyeusi haitoki, labda utumie karatasi nyeupe na ukate vizuri sana. Pia wino wa inkjeti unayeyuka kwa maji usipopulizia vanishi kwanza. Na saiba nyingi hapa Kondele hawataki karatasi ya ajabu kwa mashine yao.

Mimi naokoa. Lakini skani kwanza, kabla hujagusa maji.