Hadubini ya USB ya 85,000, nimeona buibui akiumbika ndani ya yai

Hii hadubini nimeinunua Kampala, duka moja dogo pale Wandegeya, 85,000 baada ya kuvutana bei. Kwenye boksi wameandika inakuza mara 1000, hiyo usiamini kabisa, lakini mayai ya buibui ambayo ni kama nusu milimita inayaonyesha vizuri sana na ndio maana naandika.

Nilipata kifuko cha mayai nyuma ya kabati la jikoni, nikatoboa kidogo na sindano nikatoa mayai kama kumi nikayaweka kwenye mafuta ya parafini ya famasi, yale yasiyo na rangi ya kulainisha choo, sio parafini ya taa jamani hiyo itayaua. Mafuta yanafanya ganda liwe kama kioo, bila hayo utaona vishanga vyeupe basi.

Mwanzoni seli zinakusanyana upande mmoja kama kisahani cheupe juu ya kiini cha yai, halafu kifungu kidogo cha seli kinatoka katikati kinatembea mpaka ukingoni, na upande kinakoelekea ndio unakuwa mgongo. Wanakiita kumulasi. Mwaka 1952 mtaalamu wa buibui Åke Holm wa Uswidi alikipandikiza sehemu nyingine ya yai, mhimili wa pili wa mwili ukaanza kuota! Hapa hadubini ilinishinda, niliona doa tu.

Ila miguu ikianza kuchipua, banange, sikulala. Vinundu vinajipanga pande mbili, vya meno, vya vipapasio, halafu jozi nne za miguu, unavihesabu kwenye skrini ya simu. Wakati huo kiinitete kimejikunja kinyumenyume kukizunguka kiini, mgongo ndio uko ndani. Halafu kinapasuka katikati ya tumbo, kila nusu inasogea pembeni kuzunguka kiini mpaka zinakutana mgongoni, baadaye tumbo linafunga tena na sasa miguu imekunjwa kifuani kama unavyoijua. Mtoto wa dada yangu aliniuliza, "Mjomba, amekatika?" nikamwambia hapana mama, anajigeuza, tukakaa naye hapo mpaka usiku, na umeme ulikatika lakini hii kitu inakula chaji ya simu tu kwa hiyo hatukupoteza chochote.

Yule buibui anayechunguzwa sana maabara, Parasteatoda tepidariorum, anamaliza kuumbika kwa siku kama 8 kwenye nyuzi joto 25, joto likishuka anachelewa. Wangu sijui jina lake lakini hakupita hapo sana.

Ubaya ni stendi, imelegea mno, ukigusa meza fokasi imepotea, mimi nimeibana na kiberiti na raba. Taa nazo zipunguze, zinawaka sana mpaka yai linang'aa huoni kitu.

Nyota 4. Mayai yaliyobaki niliyaacha ndani ya kifuko nikakirudisha nyuma ya kabati, maana wakianguliwa wanakuwa weupe hawana hata manyoya, wanakaa humo mpaka wajivue ngozi mara ya kwanza ndio watoke. Wametoka juzi.