Gitaa la besi lililotumika: matangazo ya mtandaoni kuanzia la kufuatwa hadi la kupitwa

Mtu anayetafuta besi yake ya kwanza hapa Mombasa, awe wa kwaya ya kanisa, wa kikundi cha taarab au wa bendi ya hoteli za Pwani ya Kaskazini, kwa kawaida hana fedha za kununua mpya dukani, na hivyo hujikuta akipekua matangazo ya vitu vilivyotumika kwenye simu yake. Huko jina la kampuni humsaidia kidogo tu. Besi mbili za modeli moja zilizotoka kiwandani pamoja zinaweza, baada ya miaka kumi, kuwa mbingu na ardhi, kwa sababu moja imehifadhiwa ndani ya mfuko wake na nyingine imetundikwa ukutani mkabala na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Ndiyo maana nimeyapanga matangazo yenyewe badala ya kuzipanga kampuni: kinachoangaliwa ni namna muuzaji anavyokieleza chombo chake, na lipi limefichwa ndani ya maelezo hayo.

Nafasi ya kwanza ninaipa tangazo linalotaja kasoro. Muuzaji akiandika kwamba anauza Yamaha TRBX174, kwamba kifungo cha sauti kinakwaruza kikizungushwa na kwamba nyuzi ni za zamani, ujue kwamba ameipiga besi hiyo na anaifahamu. Kasoro ya namna hiyo hutengenezwa na fundi yeyote wa redio, na mara nyingi husafishwa tu bila kubadilishwa kitu. Modeli hiyo haitumii betri, saketi yake ni nyepesi, na vya kuharibika ndani yake ni vichache. Ibanez GSR200 iliyoelezwa kwa uaminifu uleule ningeiweka nyuma yake kidogo, kwa kuwa ina saketi inayotumia betri ya volti 9. Besi za namna hiyo zina mtego wake katika matangazo: mmoja huiuza kwa hasara akidhani imekufa, kumbe betri imeisha kwa sababu waya uliachwa umechomekwa kwa muda mrefu, na mwingine huandika kwamba tatizo ni betri tu ilhali saketi imeungua. Nenda na betri mpya mfukoni, na uitie mbele yake kabla ya kutaja bei.

Ya pili ni besi iliyotumika sana na isiyoficha hilo, kwa mfano ile ya kanisa linalonunua vyombo vipya. Mikwaruzo ya mwili haina athari kwa sauti. Kinachopaswa kuulizwa ni hali ya freti, yaani vile vipande vya chuma vilivyopita shingoni, kwa sababu zikilika hadi kufanya mifereji chini ya nyuzi, sauti huanza kuvuma na kugongana, na kuzisawazisha ni kazi ya fundi wa magitaa hasa. Omba picha ya karibu ya freti tano za kwanza, ambazo ndizo hulika mapema.

Nafasi ya tatu ninaiacha kwa maneno ambayo wengi wangeyaweka juu kabisa: “kama mpya, imekaa tu nyumbani”. Katika mji huu, kukaa tu nyumbani si sifa. Niliwahi kuvuka kivuko cha Likoni kwenda kutazama besi iliyoelezwa hivyo, na kweli rangi yake ilikuwa iking'aa kama ya dukani, lakini skrubu za daraja la nyuzi, yaani kile kipande cha chuma mwilini kinachoshika nyuzi, zilikuwa zimeshikana kwa kutu kiasi kwamba bisibisi haikuweza kuzisogeza, na shingo ilikuwa imepinda kama upinde. Ndani ya shingo mna ufito wa chuma unaokazwa au kulegezwa ili kuinyoosha, ila wa besi ile ulikuwa haugeuki tena. Muuzaji hakuwa amesema uongo, kwa kuwa haikuwa imepigwa. Alichokiacha ni kwamba ilikuwa imekaa miaka mingi katika hewa ya chumvi bila kufunguliwa. Hata inayotoka Nairobi, ambako hewa ni kavu zaidi, inaweza kuwasili ikiwa nzuri kisha shingo yake ikasogea baada ya wiki chache za unyevu wa huku; hilo ni jambo la kawaida na hurekebishwa, mradi ule ufito unageuka.

Shingo inaweza kupimwa bila kifaa chochote. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Nafasi ya unene wa kadi ya biashara, kama milimita 0.3, inatosha. Ikiwa kidole kinakaribia kupita, au ikiwa uzi umelala juu ya freti zote bila mwanya, uliza kama ufito unageuka, na uombe ugeuzwe kidogo ukiona kwa macho yako.

Chini ya hapo kuna “inahitaji nyuzi tu”. Nyuzi za besi si rahisi kwa bei, kwa hiyo huenda mtu anasema kweli. Hata hivyo, besi isiyo na nyuzi haiwezi kuhukumiwa: shingo haina mvutano unaoipinda, vigingi vya kukazia nyuzi, vilivyo kichwani, havina mzigo, na pikapu, ambazo husikia mtikisiko wa nyuzi za chuma, hazina cha kusikia. Neno hilo “tu” linamhamishia mnunuzi hasara yote. Ukiipenda, toa bei ya kitu kibovu.

Nafasi hiyohiyo ina matangazo yasiyosema ukubwa. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34, na ile fupi ina takriban inchi 30. Fupi haina ubaya, na kwa mtoto au mwenye vidole vifupi huenda ikawa bora, lakini isiuzwe kwa jina la nyingine. Mwombe muuzaji aweke futikamba kuanzia mwanzo wa shingo, upande wa kichwa, hadi freti ya 12 na akutumie picha: ndefu itasoma karibu sentimita 43, na fupi kama 38. Hesabu vigingi pia (besi ya kawaida ina vinne), kwa kuwa nimekuta magitaa ya kawaida ya nyuzi sita yakitangazwa kuwa besi, nadhani kwa sababu tu mwili wake ulikuwa mkubwa.

Mwisho kabisa, na mbali na mengine yote, ni “Fender original” kwa bei ya kutupa. Fender ndiyo iliyotoa Precision Bass mwaka 1951 na Jazz Bass mwaka 1960, na maumbo hayo mawili yameigwa na viwanda visivyohesabika, kiasi kwamba umbo peke yake halithibitishi chochote. Nembo ya kichwani ni karatasi nyembamba inayoweza kubandikwa na mtu yeyote. Mara nyingi, hata hivyo, udanganyifu ni mdogo zaidi: chombo ni Squier, jina la bei nafuu la kampuni hiyohiyo, ambalo kichwani huandikwa kwa herufi kubwa na “by Fender” kwa herufi ndogo chini yake, naye muuzaji amenakili yale madogo. Squier ni chombo kizuri cha kuanzia na ningeinunua bila wasiwasi, kwa bei ya Squier. Ikiwa picha zina mandhari meupe ya kiwandani, mwombe aipige upya ikiwa na karatasi yenye tarehe ya leo kando yake, pamoja na picha ya nyuma ya kichwa na ya bamba la skrubu linaloshika shingo. Anayekataa kufanya hivyo huku akiomba atumiwe nusu ya fedha kwa M-Pesa “ili akushikie” asitumiwe hata shilingi, na asipigiwe tena simu.