TAHADHARI: Amplifaya za "wati 1000" zinaunguza spika za watu

Wakuu, kama una spika nzuri za nyumbani na unatafuta amplifaya ya kuziendesha, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna viboksi vimejaa madukani na mitandaoni vimeandikwa 400W+400W, vingine 1000W, na nguvu hiyo haimo. Uwe Kariakoo, uwe Luthuli kule Nairobi, au unaagiza kwa simu, namna ya kuvibaini ni ileile.

Achana na maandishi ya mbele. Soma adapta. Ikiandikwa volti 12, ampea 2, zidisha: wati 24, basi. Amplifaya haizalishi umeme, inatumia uliopewa, na sehemu yake inapotea kama joto. Hata ukiibadilishia adapta ya ampea 10, kwa volti 12 spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme) itapata kama wati 9 tu kabla sauti haijaanza kukwaruza.

Ukimbana muuzaji atasema hizo 1000 ni "PMPO". PMPO, eti nguvu ya kilele, si kipimo, kila kiwanda kinajitungia chake. Dai wati za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, zitajwe kwa omu ngapi, chaneli zote mbili zikipiga pamoja, na sauti imeharibika kwa asilimia ngapi. Marekani wana kanuni ya kuwabana watangazaji wa amplifaya tangu 1974, na ilitungwa kwa sababu ya uongo wa aina hiihii. Chipu ya TPA3116, kwa mfano, inayofungwa ndani ya viboksi vingi hivi, si mbaya hata kidogo. Ila wati zake 50 kwa chaneli ni kwa volti 21, spika za omu 4, tena sauti imeshaharibika kwa asilimia 10. Muuzaji hakwambii hayo.

Mashine kubwa nazo zinachakachuliwa. Transista za 2SC5200 na 2SA1943, zile zinazosukuma nguvu kwenye spika, zinaigizwa sana: maandishi ya Toshiba juu, ndani kipande cha silikoni ni kidogo mno, zikibanwa zinapasuka. Kuna kapasita (kifaa cha kutunza umeme) kubwa ambayo ukiichana unakuta ndogo imefichwa ndani. Fundi akifungua, aangalie pia fyuzi ya umeme wa ukutani. Fyuzi ya ampea 1 kwa volti 230 haiendani na mashine inayodai wati 500.

Hasara kubwa ni spika. Mashine dhaifu ikikosa sauti, mwenye nayo anafungua volyumu mpaka mwisho. Hapo amplifaya inakata vichwa vya mawimbi, na mikato hiyo inazaa sauti kali za juu zinazokwenda moja kwa moja kwenye tuwita, yaani kispika cha sauti za juu, ambayo hustahimili wati chache tu. Tuwita inaungua, wufa (ya besi) inaendelea kupiga, lawama anapewa aliyeuza spika.

Na wati nyingi hivyo za nini? Spika ya desibeli 87 kwa wati 1, ukiwa mita moja, inafika 97 kwa wati 10 na 107 kwa wati 100. Kwa sebule ya kawaida wati 50 za kweli zinatosha. Kabla ya kuchagua, pima spika yako kwa multimita: ikisoma karibu 6 ni ya omu 8, ikisoma 3 na kitu ni ya omu 4. Ukifunga mbili za omu 8 sambamba kwenye chaneli moja, amplifaya inaona omu 4, hivyo hakikisha inaruhusu.

Dukani nenda na multimita, rezista ya omu 8 ya wati 100 (itakaa badala ya spika), na mlio wa hezi 50 kwenye simu. Kwanza, bila muziki wala spika, pima DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) kwenye matundu ya spika. Isizidi volti 0.05, ukikuta volti nzima, usiiunganishe na spika yoyote. Kisha funga rezista, piga mlio, pandisha volyumu taratibu, soma volti za AC (umeme wa kupanda na kushuka, ndio wa sauti). Volti 20 ni wati 50, kwa kuwa 20 mara 20 gawa kwa 8. Volti zikigoma kupanda wakati volyumu inapanda, hapo ndipo mwisho wake. Usikawie, rezista inakuwa ya moto sana.

Risiti nayo iandikwe wati za RMS na omu, si "amplifaya moja" tu, maana ikiungua huna pa kushikia unapokwenda kuirudisha.